Udongo wa Mutshatsha na mazutu: kinachonata na kinachopita

Mazutu ikimwagika chini, iwe kwenye mashini ya kusaga mihindi, kwenye garaji ya pikipiki ao kando ya barabara ya Kolwezi kwenda Dilolo, neno linalosikika ni lile lile: «Acha, udongo itakunywa.» Na kweli, kufikia jioni doa limekauka, harufu imepungua, watu wanaendelea na kazi. Kisima kiko hatua ishirini pembeni.

Neno hilo lina nusu ya ukweli. Kuna udongo unaoshika sumu vizuri mpaka viwanda vinaununua kwa kazi hiyo tu. Kuna mwingine unaoiacha sumu ipite kama abiria asiye na mzigo. Kwa mazutu na esansi, udongo mwekundu na mchanga wa teritware ya Mutshatsha uko karibu zaidi na ule wa pili. Lakini udongo huo huo unashika kwa nguvu baadhi ya dawa za shamba. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kuogopa kitu ambacho hakitafika kisimani kamwe, na huku anakunywa kitu kilichofika zamani.

Mawese yanapopoteza wekundu wake

Mfano wa kwanza uko jikoni. Mawese ya kijiji ni mekundu. Mafuta ya mawese ya kiwandani, hata yakitoka kwenye ngazi zile zile, ni ya njano hafifu. Tofauti hiyo inatoka kwa sehemu kubwa kwenye udongo. Kiwanda kinapasha mafuta moto, kinachanganya ndani yake unga wa udongo maalum uliooshwa kwa asidi, kisha kinachuja. Rangi nyekundu, ambayo ni karotini, inabaki kwenye udongo na mafuta yanatoka meupe.

Hapo udongo haukunywa rangi kama sifongo inavyokunywa maji. Rangi imenata juu ya uso wa chembe za udongo, kama vumbi ya barabara inavyonata kwenye ngozi yenye jasho. Wanakemia wanaita jambo hilo adsopsio. Tofauti kati ya kunywa na kunata si ya maneno tu. Kitu kinachonata kinahitaji uso, na uso ukijaa hakuna nafasi tena. Tena, kikija kitu kingine ambacho uso ule unakipenda zaidi, cha kwanza kinaachia na kuendelea na safari.

Mfano wa pili uko kwenye shaba yenyewe. Viwanda vinavyotoa shaba kwa asidi na umeme, kama Luilu pale Kolwezi ao Tenke Fungurume iliyoanza kuzalisha mwaka 2009, vinakutanisha maji ya asidi yenye shaba na kimiminiko kinachofanana na mafuta ya taa. Ndani ya mafuta hayo kuna dawa inayokamata shaba na kuacha uchafu mwingine. Siku zinavyopita dawa inaoza kidogo kidogo, mabaki yake yanaharibu mafuta, na mafuta yanakataa kutengana na maji. Katika kazi hii, duniani kote, njia ya kawaida ya kuyasafisha ni kuyapitisha kwenye unga wa udongo: mabaki yananata, mafuta yanarudi kazini. Kwa hiyo si uongo kusema udongo unashika uchafu wa jamii ya mafuta. Swali ni udongo gani, uchafu gani, na kama kuna maji kati yao.

Kurasa za kitabu

Udongo wa mfinyanzi, kwa wataalamu, ni chembe zisizozidi milimita 0.002. Ukiziangalia kwa darubini yenye nguvu, nyingi ni bapa, zimepangana kama kurasa za kitabu. Kurasa hizo zimejengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni.

Familia mbili ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni kaoliniti. Kila ukurasa wake una tabaka mbili, moja ya silikoni na moja ya alumini, na kurasa zimebanana sana. Maji hayaingii kati yake, kwa hiyo haivimbi. Kitabu kimefungwa: kinachoweza kunata kinanata kwenye jalada na kwenye kingo tu.

Ya pili ni smektiti, ambayo ndugu yake maarufu ni montmorilloniti, jina lililotoka kwenye mji wa Montmorillon huko Ufaransa. Ukurasa wake una tabaka tatu, na kitabu kinafunguka. Maji yanaingia kati ya kurasa, udongo unavimba. Jua likiwaka unakauka na kupasuka. Tena, ndani ya kurasa hizo atomu fulani zimebadilishwa na nyingine: mahali pa alumini kuna magnesiamu, na hesabu ya umeme haifungi. Ukurasa unabaki na chaji hasi, na kila chenye chaji chanya kinavutwa.

Gramu kumi za smektiti, kurasa zake zote zikihesabiwa, zina uso wa mita za mraba 6,000 mpaka 8,000. Ni kiwanja kizima cha mpira ndani ya vijiko viwili vitatu vya chai. Gramu kumi za kaoliniti zina mita za mraba 100 mpaka 200 hivi. Hiyo ni lupango, tena ndogo.

Udongo unaonunuliwa na viwanda vya mafuta ni wa familia ya smektiti. Ule wa Mutshatsha ni wa familia ipi? Hakuna haja ya maabara ili kupata jibu la kwanza. Inatosha kuangalia ardhi mwezi wa Agosti. Kwenye mbuga za Tanzania ao uwanda wa Athi kule Kenya, udongo mweusi unapasuka nyufa ambazo mguu wa ng'ombe unaweza kuingia. Hiyo ni smektiti. Udongo mwekundu wa milima ya Lualaba hauna nyufa za namna hiyo. Unakuwa mgumu, unatoa vumbi, basi.

Ni kwa sababu mvua ya miaka maelfu kwa maelfu imeosha ardhi hii mpaka madini dhaifu yameisha. Kilichobaki ni kaoliniti na kutu ya chuma. Kaoliniti watu wanaijua kwa jina lingine: ndiyo kiini cha pemba, ule udongo mweupe ambao wazee wa Kilunda wanapaka mtu wakati wa baraka, na ambao wamama wajawazito wananunua sokoni kwa kula. Mtu akisema udongo mwekundu wa hapa ni pemba iliyochanganyika na kutu na mchanga, hajakosea sana. Na ukielekea magharibi, upande wa Kasaji na Dilolo, mahali pengi hata huo haupo juu. Kuna mchanga wa Kalahari, ambao hauna karibu chochote cha kushikia. Udongo mzito zaidi unapatikana chini kwenye madembo, mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa mvua, na ndani ya vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo mfinyanzi wake ni mwingi kuliko wa ardhi ya pembeni. Ndiyo maana wafyatua matofali wanavipenda.

Hapa kuna jambo la pembeni kuhusu pemba, kwa sababu watu wanalichanganya. Mihindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu zinaota kuvu inayotoa aflatoksini, sumu ya ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 walipatwa na sumu hiyo na 125 walikufa. Tangu hapo watafiti wamejaribu kuwapa watu, kwa kipimo, udongo uliosafishwa ili ushike aflatoksini tumboni kabla haijaingia damuni, na kwa sehemu inafanya kazi. Lakini udongo ule ni smektiti. Molekuli ya aflatoksini inaingia kati ya kurasa na kukaa pale. Pemba ni kitabu kilichofungwa. Anayekula pemba akidhani anasafisha tumbo na sumu ya mihindi mibovu, hapati kinga hiyo. Mihindi yenye kuvu ni ya kutupa.

Maji yanafika kwanza

Sasa mazutu. Molekuli za mazutu na esansi hazina chaji. Hazivutwi na ukurasa wenye chaji hasi wala na kutu ya chuma. Kwenye udongo mkavu kabisa zinaweza kunata hata hivyo, kwa sababu uso uko wazi na hakuna mshindani. Ndiyo maana mchanga ao vumbi kavu ukitupwa juu ya mafuta yaliyomwagika unayashika kweli, na mtu anaona kwa macho yake kwamba «udongo inakunywa».

Kisha mvua inanyesha. Uso wa madini unapenda maji kuliko unavyopenda mafuta, tena kwa mbali sana. Maji yanavaa kila chembe kama nguo, na mafuta yanasukumwa pembeni. Mengine yanashuka na maji mpaka chini. Mwezi wa Agosti udongo ulionekana umeshika. Mwezi wa Desemba umeachia. Kutoka Novemba mpaka Aprili, wakati Lualaba inapata karibu mvua yake yote, madini ya udongo wa hapa hayana kazi kubwa ya kufanya juu ya esansi.

Kitu kingine ndicho kinachofanya kazi. Mwaka 1979 Cary Chiou na wenzake wawili walitoa makala kwenye jarida la Science. Walionyesha kwamba vitu vya namna hii, visivyo na chaji na visivyopenda maji, kwenye udongo wenye unyevu vinaingia hasa ndani ya mboji, yaani mabaki meusi ya majani na mizizi, na si juu ya madini. Vinaingia mule kama mafuta yanavyoingia ndani ya mafuta mengine. Hapa neno «kunywa» linarudi na linafaa: mboji inakunywa, wakati madini yananatisha.

Matokeo yake kwa Mutshatsha ni rahisi kuyaona. Ngao halisi ya kisima dhidi ya mazutu ni tabaka nyembamba nyeusi ya juu, chini ya majani ya msitu wa miombo, mara nyingi sentimita kumi ao ishirini tu. Na hiyo ndiyo tabaka inayoondolewa kwanza. Katapila inaisukuma wakati wa kufungua barabara ao mgodi, moto wa kila mwaka unaipunguza, mvua inaichukua kwenye mashamba yaliyo wazi. Uwanja wa garaji na uwanja wa kuegesha malori kwa kawaida vimekwisha kukwanguliwa mpaka udongo mwekundu wa chini. Mazutu inamwagwa hasa pale ambapo mboji haipo.

Makala nayo inahusika. Kaboni iliyochomwa ina matundu madogo yasiyohesabika, na inashika vitu vya jamii ya mafuta kuliko mboji ya kawaida. Mahali ambapo tanuru ya makala ilikuwa, ule udongo mweusi unaobaki miaka na miaka una nguvu ya kushika kuliko udongo mwekundu wa pembeni. Kuna watu wanaoweka unga wa makala ndani ya ndoo ya kuchuja maji. Wazo si baya, lakini makala ya kupikia si sawa na kaboni ya kiwandani iliyotayarishwa kwa kazi hiyo, na ikijaa hakuna alama inayoonekana. Haiwezi kutegemewa kwa kisima kilichoingia esansi.

Dawa za shamba ni hadithi nyingine

Mkulima anayepulizia dawa ya kuua majani mara nyingi anahofia kwamba yote itashuka kisimani. Inategemea dawa.

Parakwati, iliyojulikana sana kwa jina Gramoxone, ina chaji chanya mbili. Ikigusa udongo inanata mara moja, na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kupanda muda mfupi baada ya kupulizia. Kwenye smektiti inajificha kati ya kurasa na haitoki karibu tena. Kwenye kaoliniti inakaa juu juu, kwa hiyo inaweza kubadilishana nafasi na chaji nyingine kwa urahisi zaidi. Hata hivyo haiendi mbali na maji ya ardhini. Hatari yake iko kwingine: mdomoni. Kiasi kidogo kikimezwa kinaua, mapafu yanakauka, na hakuna dawa ya kuigeuza. Umoja wa Ulaya haukubali itumiwe tangu 2007. Hospitali zilikuwa zikimpa haraka mtu aliyeimeza kinywaji cha bentoniti, ambayo ni udongo wa smektiti, ao kaboni, ili kunatisha sumu kabla haijavuka utumbo. Ni kazi ile ile ya udongo shambani, lakini tumboni dakika ndizo zinazohesabika. Kuiweka parakwati kwenye chupa ya soda ni kosa linalojirudia sehemu nyingi za Afrika.

Glifosati nayo inashikwa, kwa njia isiyofanana. Ina kikundi cha fosforasi kinachopenda chuma na alumini, na udongo mwekundu una chuma tele. Hapa kutu inayodharauliwa inafanya kazi nzuri. Ila mbolea ya fosfati inapenda nafasi zile zile. Shamba likijazwa fosfati nyingi, glifosati inakosa mahali pa kukaa na sehemu yake inaweza kuachia.

2,4-D, inayouzwa kwa kuua magugu ya majani mapana kwenye mihindi, ni ya kuangaliwa zaidi. Kwenye udongo ina chaji hasi, na ukurasa wenye chaji hasi unaisukuma. Kinachoisaidia ni kwamba udongo wa hapa una uchali: kwenye uchali, kutu ya chuma inabeba chaji chanya, na inashika kidogo. Mkulima akitia chokaa ili mihindi ikue vizuri, jambo ambalo ni sahihi kwa mihindi, chaji hiyo ya kutu inapungua na 2,4-D inakuwa huru zaidi. Kwa bahati bakteria wa udongo wanaila kwa majuma machache kama udongo una joto na unyevu. Mvua kubwa siku ile ile ya kupulizia ndiyo mbaya. Inaishusha kabla bakteria hawajaanza.

Ni vizuri pia kuangalia walikotangulia wengine. Kwenye visiwa vya Martinique na Guadeloupe, mashamba ya ndizi yalitiwa klordekoni, dawa ya kuua fukusi wa migomba, kuanzia 1972 mpaka 1993. Mpaka leo iko ndani ya udongo, kwenye mito, ndani ya samaki na ndani ya damu ya watu. Watafiti walikuta kwamba udongo mchanga wa volkano, wenye aina ya mfinyanzi inayoitwa alofani na mboji nyingi, umejaa klordekoni lakini unaiachia polepole. Udongo mwekundu wa zamani, wa jamii ya kaoliniti, una kiasi kidogo zaidi, na bado unaiachia kwa urahisi kwenye viazi na kwenye maji. Kwa mtu wa Lualaba hilo linagusa: kipimo kidogo ndani ya udongo mwekundu hakimaanishi hatari ndogo kwenye sahani.

Kushikwa si kwisha

Sumu iliyonata bado ipo. Wakati mwingine kunata kunaihifadhi, kwa sababu bakteria hawaifikii vizuri ikiwa imejificha kwenye matundu. Na chembe yenyewe ya udongo inasafiri. Mvua ya kwanza ya msimu inapofanya mito kuwa myekundu kama chai ya maziwa, kila kilichonata kwenye udongo wa juu kinashuka nacho: mafuta ya vidanji, parakwati, masizi ya moshi wa malori. Kinatua mahali maji yanapopoa, yaani kwenye vidimbwi, kwenye madembo, na pale ambapo wamama wanaloweka mihogo. Maji yakiwa safi juu, tope la chini linaweza kuwa limebeba. Kuchota bila kutibua tope si adabu ya wazee tu. Kuna faida ya kweli ndani yake.

Mafuta ya vidanji ni mazito na hayashuki mbali peke yake, kwa hiyo kwa kisima ni hatari ndogo kuliko esansi, lakini kwa mto ni mabaya, na yana mabaki ya metali kutoka injini. Mtu anayeyamwaga barabarani ili kutuliza vumbi anayapeleka mtoni kwa mkopo wa miezi sita.

Kisima karibu na esansi

Kati ya vyote vilivyo ndani ya esansi, benzeni ndiyo ya kuogopa zaidi. Inaleta saratani ya damu, inayeyuka kwenye maji kuliko wenzake, na udongo wenye mboji kidogo hauisimamishi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Pua na ulimi wa binadamu vinaanza kuisikia kwenye kiasi kikubwa zaidi ya hapo, mara kumi kadhaa na zaidi. Kwa hiyo maji yanayonuka esansi ni ya kuacha bila majadiliano, lakini maji yasiyonuka hayajatangazwa kuwa safi. Vidonge vya klorini haviondoi benzeni. Kuchemsha kunairusha hewani, ndani ya jikoni ambamo mama na mtoto wamekaa.

Kuna habari njema kidogo. Katika miaka ya 1990, uchunguzi wa mamia ya vituo vya esansi vilivyovuja huko California ulikuta kwamba mara nyingi benzeni haikusafiri zaidi ya mita 80 hivi chini ya ardhi, kwa sababu bakteria waliila njiani. Si udongo ulioizuia. Ni wadudu hao wadogo, wakipata oksijeni. Lakini kipimo hicho hakiwezi kubebwa hivi hivi mpaka hapa. Mahali ambapo kuna mwamba wenye nyufa, kama ule wa dolomiti unaopatikana kwenye ukanda wa shaba, maji yanaweza kukimbia ndani ya ufa mmoja na kupita mbali bila kukutana na udongo wowote.

Kwa hiyo kisima kipya kinachimbwa upande wa juu wa mteremko, si chini ya garaji, ya mashini ya kusaga, ya jenereta ao ya meza ya Kadhafi anayeuza esansi kwa chupa. Mita thelathini ambazo watu wamezoea kuhesabu kutoka kwenye choo hazitoshi kwa esansi. Kama kisima kilikuwepo kwanza na garaji ikaja baadaye, ni garaji inayopaswa kuhama. Na hapo mkubwa wa mtaa ana neno la kusema mapema, kabla sakafu haijajengwa.

Mazutu ikimwagika, kinachohesabika ni muda kabla ya mvua. Kwanza hakuna kumwaga maji juu yake: maji yanaisukuma chini. Kinachofaa ni kutupia udongo mkavu, vumbi ya makala ao unga wa mbao, kuacha vinate, kisha kuchimba vyote, pamoja na udongo wa chini mpaka pale harufu inapoisha. Udongo huo haupelekwi mtoni wala kwenye shimo. Unatandazwa juu ya bashi ya plastiki, mbali na maji, kwa unene usiozidi goti, unachanganywa na samadi na majani makavu, unafunikwa mvua ikija na kugeuzwa kwa jembe kila juma. Samadi inaleta bakteria na chakula chao. Kugeuza kunaleta hewa. Mazutu inaliwa kwa miezi kadhaa katika joto la hapa. Mafuta ya vidanji yanachukua muda mrefu zaidi, na sehemu yake nzito haiishi kabisa, ndiyo maana udongo wa namna hiyo haurudishwi kwenye bustani ya mboga hata kama harufu imekwisha.

Kwa wenye garaji na manseba wenye kubadilisha mafuta barabarani, bidoni iliyokatwa upande na kuwekwa chini ya injini inapokea vidanji yote. Watu wananunua mafuta hayo kwa kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Hiyo pia si kazi safi kabisa, hasa kwa mbao za zizi la wanyama ao za kitanda, lakini inaacha kisima cha jirani salama.